Kujifunza Katamarani ya Matanga: Mwongozo Kamili kwa Asiyewahi Kushika Demani

Anayepanda katamarani ndogo kwa mara ya kwanza hushangazwa na wepesi wa kuondoka kwake. Tanga hujaa, mitumbwi yake miwili iliyounganishwa huanza kuteleza juu ya maji, na kabla hajakaa vizuri ufukwe umekwisha kuwa mbali. Kuiondosha hakudai ufundi mkubwa. Ufundi unadaiwa katika kuipunguza mwendo, kuisimamisha na kuirudisha ulikoitoa, na ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aishike tangu siku ya kwanza: jifunze kulegeza demani, yaani kamba inayolidhibiti tanga, kabla ya kujifunza kuivuta.

Mfano nitakaoutumia ni Hobie 16, katamarani iliyobuniwa California mwishoni mwa miaka ya 1960 na Hobie Alter, aliyekuwa mtengenezaji wa mbao za kutelezea mawimbini. Tangu wakati huo zimetengenezwa zaidi ya 100,000, na ni miongoni mwa katamarani ambazo mwanafunzi ana nafasi kubwa ya kukutana nazo katika ufukwe wowote duniani. Urefu wake ni mita 5 na kidogo, upana mita 2.4, uzito karibu kilo 145, na mlingoti wake unapita mita 8. Matanga yake mawili kwa pamoja yana eneo la karibu mita 20 za mraba. Zitazame namba hizo kwa pamoja: chombo chenye uzito wa watu wazima wawili kimevishwa nguo ya kutandaza chumba cha mita 4 kwa 5. Wala hakina mkuku mzito wa kukiweka wima. Kinategemea upana wake na uzito wenu ninyi mliokaa juu yake. Hata ubao wa kushusha katikati hakina. Kila mtumbwi umechongwa upande wa nje ukiwa karibu bapa na upande wa ndani ukiwa umetuna, na umbo hilo ndilo linalozuia chombo kisisukumwe kimbavu na upepo. Kwenye fukwe zetu zenye miamba na matumbawe, kukosekana kwa ubao huo ni faida kubwa.

Msomaji wa pwani hana sababu ya kuiona elimu hii kuwa ngeni. Ngalawa, yenye mtumbwi mmoja na mirengu na matengo yake pande zote mbili, imesimama juu ya fikra ileile ya kutumia upana mahali pa uzito, na wavuvi wetu wameiendesha kwa vizazi vingi. Jina lenyewe la katamarani limetoka katika Kitamili, ambamo kattumaram maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Tuna pia hazina ya maneno ya bahari ambayo yanatosha kabisa kwa chombo hiki cha kisasa, na nitayatumia.

Maneno ya kuanzia

Omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma. Upande unakotoka upepo ni goshini, na upande wa pili, unakoelekea upepo, ni upande wa demani, kwa sababu huko ndiko kamba ya demani inakoshikilia pembe ya nyuma ya tanga. Demani ndiyo kamba muhimu kuliko zote: ukiivuta tanga hukaza na chombo hupata nguvu, ukiilegeza tanga hupepea na nguvu hutoweka. Katamarani ina demani ya tanga kubwa na nyingine, nyembamba zaidi, ya tanga la mbele. Henza ni kamba inayopandisha tanga mlingotini. Kana ni mkono wa usukani. Hobie 16 ina sukani mbili, moja kwenye kila mtumbwi, zilizounganishwa kwa fimbo moja ili kana moja izigeuze zote. Baina ya mitumbwi hutandazwa trampolini, yaani kitambaa kigumu kilichokazwa kwa kamba, na hapo ndipo watu hukaa.

Jambo moja linatofautiana na jahazi na halina budi kukumbukwa. Foromali ya jahazi, yaani mti unaoshika tanga lake, huning'inia juu, lakini mti wa tanga la katamarani hukaa chini ya tanga, na hupita juu ya trampolini kwa kasi pale upepo unapobadili upande. Anayesahau kuinamisha kichwa huumia.

Hatua ya kwanza: mwalimu, mwenza na mavazi

Usianze peke yako. Hobie 16 ni chombo cha watu wawili: mmoja hushika kana na demani ya tanga kubwa, mwenzake hukaa mbele yake na kushughulika na tanga la mbele. Vilabu vya matanga kama Dar es Salaam Yacht Club katika ghuba ya Msasani, Tanga Yacht Club na Mombasa Yacht Club ni mahali pazuri pa kuulizia mafunzo, na hoteli nyingi za ufukweni za Diani na Zanzibar huwa na katamarani na watu wa kuzifundisha. Kwa asiye na fedha za kulipia kozi, njia ninayoipendekeza ni kujitolea kuwa baharia wa mbele wa mtu anayejua. Wenye katamarani mara nyingi hutafuta mwenza, na anayekuja mapema, akasaidia kusukuma chombo na akabaki kukiosha, hupata nafasi. Faida yake ni kwamba utajifunza kwa mikono kabla ya kukabidhiwa kana.

Ni lazima ujue kuogelea, na hata ukijua, uvae jaketi okozi muda wote uwapo majini. Chagua jaketi linalokaa sawasawa mwilini bila kupanda hadi masikioni ukiwa majini, kwa sababu utahitaji kupanda tena juu ya trampolini ukiwa umelivaa. Viatu vya mpira ni vya lazima pwani ya matumbawe. Fulana ya mikono mirefu na kofia yenye kamba hukinga jua, ambalo majini hukupiga kutoka juu na tena kutoka chini kwa mwako wa maji. Beba maji ya kunywa yaliyofungwa kwa kamba, filimbi kwenye jaketi, kisu kidogo cha kukatia kamba, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kisha mwambie mtu wa nchi kavu mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Hatua ya pili: upepo, majira na maji

Sehemu hii ndiyo ambayo wanafunzi huipita haraka, nami naiona kuwa ndiyo inayoamua kama siku itakuwa ya masomo au ya matatizo.

Upepo wa kujifunzia ni wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa. Chini ya hapo katamarani huzubaa na haigeuki vizuri. Juu ya hapo mambo hutokea upesi kuliko mwanafunzi anavyoweza kufikiri. Ishara nzuri ni povu la mawimbi. Bahari ikiwa na vijiwimbi bila weupe, upepo unafaa. Weupe ukianza kuonekana hapa na pale, umekaribia kilomita 20. Bahari ikiwa imetapakaa weupe, baki ufukweni ufanye mazoezi ya mafundo. Soma pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambao huonya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na hukaza zaidi kati ya Juni na Agosti. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi, na Januari inaweza kuwa na nguvu za kutosha kumshinda mgeni. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha kubadilika upepo kiitwacho tanga mbili, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayompendekezea anayeanza, kwa sharti kwamba atazame mawingu ya vuli. Wingu zito lenye ukingo mweusi na pazia la mvua chini yake hutanguliwa na upepo wa ghafla. Ukiliona likija, rudi mara moja, hata kama kwa wakati huo upepo ni shwari.

Kwa kuwa ukanda wetu mwingi umetazama mashariki, kusi na kaskazi zote huja kwa mshazari zikielekea nchi kavu, na hiyo ni rehema kwa mwanafunzi, maana chombo kilichoharibika husukumwa kurudi ufukweni. Hatari iko kwenye umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu. Bahari huonekana imelala kama maziwa, lakini kila dakika upepo huo unakupeleka nje, na kadiri unavyotoka ndivyo unavyokaza. Mwanafunzi asiondoke kwa upepo wa nchi kavu, labda iwepo boti ya injini ya kumfuata.

Halafu yapo maji yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mchanga, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4, na kwa sehemu kubwa ya pwani yetu maji hayo hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Anayeondoka saa mbili akidhani ana asubuhi nzima hujikuta ameachwa nje ya mwamba, na kati yake na ufukwe kuna uwanja wa matumbawe. Kwa siku za kwanza chagua maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, au panga kutoka maji yakiwa yamejaa nusu na bado yanaendelea kujaa. Jedwali la maji hutolewa na mamlaka za bandari, na mvuvi yeyote wa ufukwe huo atakuambia mlango wa mwamba uko wapi na mkondo wake unaelekea upande gani saa gani. Muulize kila siku, hata baada ya kuzoea.

Hatua ya tatu: kuiandaa ufukweni

Kabla ya kuinua mlingoti tazama juu. Mlingoti ni chuma chepesi kinachopitisha umeme, una urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, na nyaya za umeme karibu na fukwe zetu mara nyingi hupita chini kuliko unavyodhani. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa kuisukuma katamarani huku mlingoti ukigusa waya. Kagua njia nzima hadi kwenye maji.

Kaza vizibo viwili vya tezi, kimoja kwa kila mtumbwi. Kagua nyaya zinazoshikilia mlingoti, mbili za pembeni na moja ya mbele, hasa pale zinapoingia kwenye pingu zake: uzi mmoja uliokatika ni sababu ya kutotoka siku hiyo. Kila pini iwe na pete yake ya usalama, na kila pete ifungwe utepe isije ikanasa kamba. Elekeza omo kwenye upepo, kisha pandisha tanga la mbele, na baadaye tanga kubwa, mmoja akivuta henza taratibu na mwenzake akiingiza ukingo wa tanga kwenye mfereji wa mlingoti ili usikwame. Vuta chini pembe ya mbele ya tanga hadi mikunjo ya mlalo itoweke. Fito zilizoshonewa ndani ya tanga zikazwe kiasi cha kuondoa mikunjo tu.

Demani hufungwa mwisho, baada ya mambo mengine yote. Tanga lisilo na demani hupepea kama bendera na halina nguvu ya kukihamisha chombo. Likishafungiwa demani linaweza kuiondosha katamarani mchangani ikiwa tupu. Kwa sababu hiyohiyo, ukirudi, demani ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Sasa kaa juu ya trampolini hapo hapo mchangani, sukani zikiwa zimeinuliwa, ufanye zoezi ambalo halichukui zaidi ya nusu saa. Demani ya Hobie 16 hupita kwenye kibano chenye meno kinachoishika usichoke. Ivute, iache ishikwe, kisha inasue kwa kuikutua juu au chini, kufuatana na kibano kilivyowekwa. Rudia kwa mkono wa kulia na wa kushoto, ukiwa umefumba macho, mpaka kamba itoke kila mara. Kibano kisichoachia upesi kitengenezwe kabla ya kuingia majini. Baada ya hapo fanyeni mazoezi ya kubadilishana upande: kichwa chini, uso ukitazama mbele, mshika kana akiipitisha fimbo ya kana nyuma ya makapi ya demani, yaani vigurudumu inamopita kamba hiyo. Harakati hii hukanganya sana majini kwa asiyeifanya nchi kavu.

Hatua ya nne: kuondoka

Peleka katamarani majini kwa magurudumu yake. Maji yakifika magotini, baharia wa mbele ashike omo au waya wa mbele na kuielekeza kwenye upepo, huku matanga yote yakipepea. Mshika kana apande kwanza, akague kwamba demani haijajizungusha mguuni pake. Baharia aisukume omo kidogo mbali na upepo, apande kwa upande wa goshini, na tanga la mbele livutwe kiasi cha kutosha kuipa chombo mwendo. Sukani zishushwe mara tu kina kinaporuhusu, kwani bila sukani zilizoshuka kabisa kana huwa nzito na chombo hakitii.

Kumbuka kwamba kana hufanya kazi kinyume: ukiisukuma kulia, omo huelekea kushoto. Ukiisukuma kuelekea upande wa demani, omo hupanda kwenye upepo. Ukiivuta kwako ukiwa umekaa goshini, omo huanguka mbali na upepo. Mienendo yote iwe ya polepole.

Hatua ya tano: simama kwanza

Mkifika mahali penye maji mapana, kabla ya kufurahia mbio, jifunzeni kusimama. Weka upepo ubavuni, legeza demani zote mbili hadi matanga yapepee kabisa, na elekeza kana upande wa demani. Katamarani itapunguza mwendo, itatulia ikiwa imeupa upepo bega, na itaserereka polepole sana. Hapa ndipo mahali pako pa kupumzika, kunywa maji, kurekebisha kamba na kuzungumza na mwenzako. Ondoka, simama, ondoka, simama. Fanyeni hivyo mara kumi. Mwanafunzi aliyekwisha kuamini kwamba anaweza kusimama wakati wowote hutulia moyoni, na moyo uliotulia hujifunza upesi.

Kisha nendeni na kurudi upepo ukiwa ubavuni, huo ukiwa ndio mwendo ulio mwepesi kuliko wote. Vuta demani hadi tanga liache kupepea, kisha usivute zaidi. Upepo wa ghafla ukija na mtumbwi wa goshini ukaanza kuinuka kutoka majini, legeza demani nusu mita. Mtumbwi utashuka wenyewe. Wengi hufurahia kuuona mtumbwi umeinuka, lakini kwa wiki za kwanza uchukulie kuwa ni ishara ya kulegeza.

Hatua ya sita: kupiga bisho na kugeuza

Hakuna chombo cha matanga kinachokwenda moja kwa moja kwenye upepo. Ili kufika kule upepo unakotoka huna budi kwenda joshi, omo ikiwa karibu na upepo kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 50, kisha kugeuza upande wa pili, na hivyo hivyo kwa zigizaga. Huko ndiko kupiga bisho. Hapa katamarani hudai subira kuliko mashua nyingine yoyote niijuayo. Mashua nzito ikishapata mwendo huendelea kwenda kwa uzito wake hata ikiukabili upepo. Katamarani ni nyepesi, ikikosa upepo tangani husimama papo hapo, na ina mitumbwi miwili mirefu ya kuzungusha.

Fanya hivi. Hakikisha una mwendo mzuri na tanga kubwa limekazwa. Mwambie mwenzako kwamba mnageuza, naye ajibu kuwa yuko tayari. Sukuma kana taratibu bila kukatisha. Ukiisukuma kwa ghafla sukani hugeuka kuwa breki. Omo inapofika kwenye upepo, tanga la mbele liachwe lilivyo, likapokee upepo kwa upande wa pili, kwa maana huo upepo wa kinyume ndio utakaoisukuma omo imalizie kugeuka. Makosa makubwa ya baharia wa mbele ni kuliachia mapema. Wakati huohuo mshika kana alegeze demani ya tanga kubwa karibu mita moja, ahame upande, apitishe fimbo ya kana nyuma, kisha tanga la mbele libadilishwe na demani zote zivutwe taratibu.

Mkikwama, chombo kikiutazama upepo na kuanza kurudi nyuma, msihangaike. Sukuma mti wa tanga upande mmoja na kana upande huohuo, uvishikilie hapo. Chombo kikirudi kinyumenyume sukani hufanya kazi kwa kinyume, na tezi itajigeuza mpaka omo ianguke mbali na upepo. Kila mtu hukwama. Anayejua kutoka hapo haoni tabu.

Kugeuza kwa upepo wa tezi, ambapo ni tezi inayopita kwenye upepo, ni kwepesi zaidi kwenye katamarani kwa sababu ya upana wake, ila mti wa tanga huvuka kwa nguvu. Punguza ukali wake kwa kushika fungu lote la demani kwa mkono na kuusaidia mti uvuke, vichwa vikiwa chini, na kunyoosha kana mara tu tanga linapokwisha kuvuka. Katika mwendo wa upepo wa tezi kaeni nyuma. Katamarani iliyobeba uzito mbele huweza kuzamisha omo ya mtumbwi wa upande wa demani na kujibwaga kifudifudi, tezi ikipanda juu. Ukiona omo hiyo inameza maji, rudini nyuma na ulegeze demani.

Hatua ya saba: kupinduka kwa makusudi

Katamarani itapinduka siku moja, na heri ikupindukie siku uliyoipanga mwenyewe, maji yakiwa ya kina na tulivu, mwalimu akiwa karibu. Sheria ya kwanza haina msamaha: usikiache chombo. Kinaelea, kinaonekana kutoka mbali, nacho husukumwa na upepo upesi kuliko unavyoweza kuogelea.

Hesabuni watu kwanza, mwitane kwa sauti. Msining'inie kwenye trampolini iliyosimama, kwa kuwa uzito wenu utazamisha mlingoti na kukipindua chombo juu chini kabisa. Nasueni demani zote kutoka kwenye vibano. Kusahau jambo hili ndiko kunakofanya chombo kilichoinuka kiondoke chenyewe au kipinduke tena. Kisha kielekezeni omo kwenye upepo: mmoja asogee hadi kwenye omo ya mtumbwi ulio chini, nacho kitazunguka polepole. Rusheni kamba ya kuinulia juu ya mtumbwi wa juu, msimame wote wawili juu ya mtumbwi wa chini, mshike kamba hiyo na kuegemea nyuma, migongo karibu na maji. Mwanzo hakuna kitakachotokea. Subirini, maji yachuruzike kutoka kwenye tanga. Mlingoti ukishatoka majini upepo huingia chini ya tanga na kuwasaidia, na mwisho wake huja kwa kasi. Chombo kinaposhuka, shikeni boriti ya mbele inayounganisha mitumbwi mkiwa majini ili kisipinduke upande wa pili wala kuwaacha. Mtu mmoja mwepesi hawezi kuinua Hobie 16 kwa uzito wake peke yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotoka bila mwenza.

Vyombo vingine

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinakuhusu hata kwenye chombo cha mita 5. Vyombo viwili vya matanga vikikutana, kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto humpisha anayeupokea kwa ubavu wa kulia. Vyote vikiupokea kwa ubavu mmoja, cha goshini humpisha wa upande wa demani. Mpishe mvuvi aliyeshusha nyavu, na usiwe kizuizi kwa meli kubwa kwenye njia za kuingilia bandari za Dar es Salaam na Kilindini, kwa sababu meli hiyo haiwezi kusimama wala kukukwepa.

Hatua ya nane: kurudi ufukweni

Njooni kwa mwendo mdogo. Legezeni tanga kubwa mapema, mtumie tanga la mbele pekee, na muwe tayari kuinua sukani maji yanapopungua. Maji yakifika kiunoni, simameni kwa namna mliyojifunza, baharia ashuke kwa upande wa goshini na kushika omo kwenye upepo. Kamwe asishuke mbele ya chombo kinachotembea. Katika mwezi wangu wa kwanza nilirudi nikiwa nimeiacha demani ndani ya kibano. Tulikuwa tumekwisha kusimama, upepo ukaingia tangani, katamarani ikamponyoka mwenzangu na kumburuta juu ya matumbawe. Alishonwa nyuzi sita gotini. Tangu siku ile mkono wangu huinasua demani kabla macho hayajatazama ufukwe.

Ukifikia kununua

Subiri angalau msimu mmoja. Katamarani zilizotumika hupatikana, na za zamani zikitunzwa hudumu sana. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya mitumbwi, hasa karibu na nguzo za mbele zinazobeba boriti. Panapobonyea pamelainika kwa ndani na matengenezo yake ni ghali. Tikisa nguzo zinapoingia mitumbwini: zisicheze. Vuta nyuzi za mishono ya trampolini kwa ukucha, kwa kuwa jua huzila kabla ya kitambaa chenyewe. Nyaya za mlingoti zibadilishe zote zikiwa na umri usiojulikana.

Baada ya kila safari suuza chombo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuanzia na makapi, pini na vibano. Fungua vizibo vya tezi, inua omo na uangalie kiasi cha maji yanayotoka: kikombe kimoja si kitu, ndoo nzima ni ufa unaotakiwa kutafutwa kabla ya kutoka tena. Matanga yakunjwe yakiwa makavu na kuwekwa kivulini. Mwishowe funga katamarani ardhini kwa kamba mbili imara, pande zote mbili, omo ikiwa imeelekezwa kwenye upepo wa msimu, kwa sababu kusi la usiku huweza kuinua trampolini tupu na kukipindua chombo kizima juu ya mchanga.